Usiku wa kwanza ulikuwa wa mbalamwezi: kisa cha gemu ya dagaa mbele ya majaji

Vijana watatu wa Mwanza walitengeneza gemu ya uvuvi wa dagaa, wakaiingiza kwenye mashindano ya kimataifa ya watengenezaji huru, yaani wasio chini ya kampuni kubwa, ikaanguka raundi ya kwanza. Haikufika fainali, wala haikupata hata kutajwa kwa heshima. Maoni ya majaji yalipowafikia waliyasoma vibaya, na kwa kuyasoma vibaya nusura waibomoe kazi ambayo kwangu mimi ni bora kuliko zote nilizowahi kuziona zikitoka Kanda ya Ziwa. Wameniruhusu kuandika kisa chao kwa sharti kwamba nisiwataje majina, nisiitaje gemu kwa jina, na mashindano yenyewe niyaache bila jina, kwa kuwa wanakusudia kurudi.

Kwanza gemu yenyewe. Mchezaji anaanza na mtumbwi, wavu na taa chache za sola zilizofungwa juu ya vielea. Jioni anatoka mwaloni, anachagua mahali, anatega taa, anasubiri. Dagaa wakubwa hushinda mchana chini, karibu na sakafu ya ziwa. Usiku hupanda juu kufuata vijidudu wanaowala, na hapo ndipo taa inapowakusanya. Mchezaji anatakiwa ausome upepo, ajue taa zikae mbali kiasi gani, aamue saa ya kuzungusha wavu. Akiwahi, anavuta maji. Akichelewa, chaji inakwisha na kundi linatawanyika. Asubuhi anaanika, halafu anapeleka soko la Kirumba, na bei anayoikuta huko inategemea kama wanunuzi wa Kongo wamefika au la. Hakuna adui wala risasi hata moja, na bado mtu anakaa ameuma meno usiku mzima wa gemu.

Wa kwanza kati ya hao watatu anaandika programu. Anasoma kompyuta chuoni hapa mjini. Wa pili ni dada mchoraji, ambaye riziki yake ni mabango ya maduka na majina ya mitumbwi. Wa tatu, aliyetengeneza sauti zote, amekulia Ukerewe katika nyumba ya wavuvi, na mambo mengi ambayo gemu inayajua kuhusu ziwa yametoka kwake na kwa babu yake.

Mimi niliicheza kwa mara ya kwanza kwenye viwanja vya Nanenane, Nyamhongolo. Walikuwa na laptopu moja juu ya meza na benchi lisilokauka watu. Vijana wa Igoma, akina mama waliotoka kuangalia mbegu, wavuvi waliokuja na familia zao, wote walikaa wakacheza. Kitu kimoja nilikiona siku ile nisikipe uzito, nao pia hawakukipa. Kila mchezaji alipoketi, mmoja wa wale watatu alisimama nyuma ya bega lake akizungumza. "Kaka, hapo ruka tu usiku huu, mbalamwezi." "Mama, subiri kwanza, acha wakusanyike." Wavuvi hawakuhitaji kuambiwa. Walitazama alama ya mwezi kwenye kona ya skrini, wakacheka, wakabonyeza kitufe cha kulala, wakaendelea hadi usiku wa giza. Watu waliinuka kwenye lile benchi wakisifu. Vijana wakaamini gemu imeiva.

Mashindano waliyoingia yanaendeshwa kwa utaratibu uliozoeleka kwa kiasi kikubwa kupitia Independent Games Festival, IGF, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998 na kutoa tuzo zake za kwanza mwaka 1999. Anayetaka kuelewa kwa nini watu wa fani hii wanazitamani tuzo hizi aanze na jina la tuzo kuu ya IGF. Inaitwa kwa jina la Seumas McNally, kijana wa Kanada aliyeshinda mwaka 2000 kwa gemu ya vifaru, Tread Marks, iliyotoka katika kampuni ya familia yake. Alifariki mwezi huohuo wa Machi kwa saratani, akiwa na miaka 21. Minecraft iliichukua tuzo hiyo mwaka 2011, ikiwa bado haijatolewa rasmi. Afrika nayo imeshapita mlango huo: mwaka uleule wa 2011, Desktop Dungeons ya QCF Design kutoka Cape Town ilipata tuzo ya usanifu bora.

Katika utaratibu huo, hatua ya kwanza haifanyiki ukumbini. Kila jaji anatumiwa orodha ya gemu, anazipakua kwenye kompyuta yake, anazicheza peke yake, mara nyingi usiku baada ya kazi zake za mchana, kisha anaandika maoni na mapendekezo. Baada ya hapo ndipo jopo la kila kipengele hukaa kuchagua watakaofika fainali. Ukumbi, taa na makofi huja mwishoni kabisa, na huja kwa wachache. Nalisisitiza hili kwa sababu wenzetu wengi hujiandaa kwa jukwaa, wakaisahau ile meza ya mtu mmoja asiyewajua, anayecheza kazi yao katikati ya nyingine nyingi, na ambaye hakuna wa kumwambia "ruka tu usiku huu".

Usumbufu wa kuingiza kazi nitaupitia haraka. Ada ililipwa kwa kadi ya benki ya mjomba. Saa ya mwisho ilihesabiwa kwa saa za California, ambazo usiku wa manane wake kwetu ni saa nne au saa tano asubuhi ya kesho yake kutegemea msimu, na vijana walijinyima usingizi bure wakidhani ni usiku wa manane wa hapa. Faili lilipanda salama. Hakuna lolote katika hayo lililowaangusha.

Kisha yakaja maoni. Yalikuwa mafupi, na kwa sehemu kubwa yalikubaliana. Majaji waliisifu michoro ya ziwa. Mmoja aliandika kwamba sauti za gemu hiyo zilimfanya avae spika za masikioni na kuzima taa ya chumba. Halafu karibu wote wakasema jambo lilelile kwa maneno tofauti: walitega taa, hawakupata kitu, wakatega tena, hawakupata kitu, wakaona ama gemu ina hitilafu au wao hawakutakiwa kucheza. Mmoja alisema wazi kwamba aliacha akiwa bado kwenye usiku wa pili.

Mwandishi wa programu alikuwa ameianzisha kalenda ya gemu kwenye mwezi mpevu. Hakuwa na sababu ya kiufundi; aliona mwezi mkubwa juu ya ziwa utapendeza kwenye picha ya kwanza, na kwa kweli ulipendeza. Lakini mwezi unapong'aa, nuru imetapakaa juu ya maji yote, mwanga wa taa hauonekani kuwa kitu mbele ya samaki, nao dagaa hawakusanyiki. Ndiyo maana wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hupumzika siku za mbalamwezi, wakashona nyavu na kurekebisha mitumbwi. Gemu ililifuata hilo kwa uaminifu mkubwa: usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu ilimpa mchezaji karibu sifuri. Haikumwambia popote kwa nini. Mtoto wa Kirumba hahitaji kuambiwa. Jaji aliyeketi Berlin au Toronto angejulia wapi?

Kosa lilikuwa hilo tu, na lingeweza kurekebishwa. Kwenye kikao chao, hata hivyo, lilipewa jina lingine. Walisema majaji hawakuelewa utamaduni wetu. Kutoka hapo mchoraji akapendekeza ziwa lifutwe: iwe bahari, dagaa wawe samaki wa rangi, papa wawepo, mvuvi awe mtu yeyote wa popote. Aliyasema kwa uchungu, na uchungu wake naujua. Mtu akishakataliwa na wageni, kishawishi cha kwanza ni kujifuta uso ili safari nyingine asitambulike anakotoka.

Nilipinga, na sababu zangu zilikuwa za kazi kabla ya kuwa za moyo. Yasome maoni tena: hakuna jaji aliyelalamikia ziwa. Michoro na sauti, ambavyo ndivyo vilivyobeba Ukerewe na Mwanza ndani yake, ndivyo walivyovisifu. Halafu tazama kazi zilizoshinda karibuni. Tuzo kuu ya IGF ya mwaka 2024 ilikwenda kwa Venba, gemu kuhusu familia ya Kitamil, watu wa kusini mwa India, iliyohamia Kanada miaka ya 1980. Ndani yake mchezaji anapika vyakula ambavyo sehemu kubwa ya wachezaji duniani hawajawahi kuvipika. Anaanza na idli, vitumbua laini vya mvuke vya mchele na dengu. Kitabu cha mapishi cha mama kimechakaa, maandishi mengine yamefutika, na mchezaji anayajaza mapengo kwa kuangalia vyombo, kufikiri na kujaribu. Watengenezaji wake hawakuipunguza nyumba ya Kitamil ili mgeni aingie. Walimpa mgeni kazi ya kuijua, wakahakikisha kila anachohitaji kukijua kinapatikana ndani ya jiko hilohilo. Gemu ya vijana wetu ilimpa mgeni kazi hiyohiyo, ila ufunguo ukabaki kwenye vichwa vya watu wa Mwanza na kwenye midomo ya waliosimama nyuma ya benchi la Nanenane.

Pendekezo la pili lilitoka kwa mwandishi wa programu: kuweka ukurasa wa maelezo mwanzoni, unaoeleza mwezi, taa, upepo na chaji. Ni rahisi, ni kazi ya siku chache, na kwa haraka linaonekana kumaliza tatizo. Nikawashauri walijaribu kabla ya kulipitisha, lakini wasilijaribu kwa mtu wa ziwani. Chuoni kwake yupo mwanafunzi kutoka Dodoma ambaye hajawahi kupanda mtumbwi. Akakalishwa mbele ya gemu, na safari hii sote tukakaa upande wa pili wa chumba tukiwa tumefunga midomo. Ukurasa ulitokea, akaupita bila kuusoma, akatega taa kwenye mbalamwezi, akapata sifuri, akageuka kututazama. Alipojibiwa kwa ukimya akauliza kwa adabu kama kompyuta ina shida. Jaji wa ugenini angefanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba hana wa kumgeukia.

Kuna wanaosema hapa kwamba jaji alipaswa kuvumilia, na kwamba kuacha kazi ya watu kwenye usiku wa pili ni dharau. Siafiki. Jaji aliyetega taa mara kadhaa bila kitu chochote kubadilika ameshaipa gemu nafasi yake. Gemu inayotaka uvumilivu lazima ionyeshe kwamba kuna kitu kinachosubiriwa. Uvuvi wa kweli nao uko hivyo: mvuvi husubiri usiku kucha kwa sababu ameona dalili.

Pendekezo la tatu lilitoka kwa kijana wa sauti, na alilitoa kwa sauti ndogo kwa kuwa ndiye mdogo wao. Alisema: kaka, tuanzie gizani. Kalenda irudishwe nyuma hadi mwezi uwe haupo, usiku wa kwanza mchezaji apate dagaa wa kutosha, aelewe taa na wavu vinafanyaje kazi, afurahi. Kisha mwezi mwembamba uanze kuonekana, ukue usiku hadi usiku, na samaki wapungue kidogo kidogo mpaka mchezaji mwenyewe ajiulize kuna nini.

Nilipomsikia nilijua ameipata. Papers, Please ya Lucas Pope, iliyotwaa tuzo kuu ya IGF mwaka 2014, imejengwa kwa namna hiyo. Mchezaji ni afisa wa mpakani katika nchi ya kubuni, Arstotzka. Siku ya kwanza kanuni ni moja: raia wa Arstotzka waingie, wengine warudi. Siku zinazofuata kanuni zinaongezeka, moja juu ya nyingine, hadi meza inajaa karatasi na mchezaji anazishika zote bila kukumbuka kwamba aliwahi kufundishwa. Nchi hiyo haipo duniani, kwa hiyo kila mchezaji anafika akiwa mgeni, na Pope alilijua hilo tangu mwanzo. Vijana wetu walichelewa kulijua kwa sababu ziwa lao lipo kweli, na wapo watu wanaolijua.

Mpango ukapita. Lakini kurudisha kalenda peke yake hakukutosha, na sehemu hii ya kisa ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu kila mmoja wa wale watatu alilazimika kuileta kazi yake upya.

Kwanza ikaonekana kwamba mwezi hauonekani. Kamera ya gemu inatazama maji kutoka juu, mbingu haimo, na mwezi ulikuwa ile alama ndogo kwenye kona. Mvuvi aliitafuta alama hiyo kwa kuwa ni kitu anachokitafuta kila jioni ya maisha yake. Mgeni aliichukulia kama pambo. Mchoraji, yuleyule aliyetaka papa, ndiye aliyekuja na jawabu: mwezi uonekane kwenye maji. Usiku wa giza, kila taa ina duara lake kali la mwanga na dagaa wanang'aa ndani yake. Mwezi unavyokua, uso wa ziwa unapauka, duara linafifia ukingoni, na vivuli vya samaki vinaanza kuelea nje yake bila mpangilio. Hakuna hata neno moja linaloandikwa. Mchezaji anaona taa yake ikishindwa.

Kijana wa sauti akaongeza kitu ambacho mimi nisingekifikiria. Usiku wa giza ziwani hauko kimya: mitumbwi mingine iko jirani, injini zinapita mbali, watu wanaitana, mtu anaimba. Mbalamwezi ikifika wote wako nchi kavu. Akazipanga sauti hizo zipungue usiku hadi usiku, hadi mchezaji anayeng'ang'ania kutoka kwenye mwezi mpevu anajikuta hasikii mwingine yeyote, na anaanza kujiuliza wenzake wanajua nini asichokijua yeye.

Mwandishi wa programu naye akaiandika upya hesabu ya mwezi, ambayo awali ilikuwa namba moja ya mwanga kwa usiku mzima. Mwezi hauchomozi saa ileile kila siku. Huchelewa kwa wastani wa kama dakika 50. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, kwetu kwenye saa moja jioni. Siku tatu baadaye unachomoza kama saa tatu na nusu, na kati ya magharibi na saa hiyo kuna giza ambalo mvuvi mwepesi anaweza kulifanyia kazi akarudi. Kabla ya mwezi mpevu mambo yamegeuka: mwezi upo tangu jioni na giza linakuja karibu na alfajiri. Hilo sasa ni somo la pili la gemu, linalomsubiri mchezaji aliyekwisha kuelewa la kwanza. Babu wa Ukerewe alipoonyeshwa alisema usiku wa kwanza unatoa dagaa wengi mno, hakuna mvuvi anayebahatika hivyo siku ya kwanza. Wakapunguza kidogo. Nadhani wangepunguza zaidi ningekuwa sikuwazuia: heshima kwa mzee ni wajibu, lakini usiku ule umewekwa kwa ajili ya mtu asiyejua kitu.

Kijana wa Dodoma akaitwa tena, pamoja na wengine wawili wasiokuwa watu wa ziwani. Yeye ndiye aliyesema, akiwa katikati ya mwezi, bila kuulizwa na mtu: "Ah, mwezi ndio unaniharibia." Akalala usiku uliofuata kwa hiari yake. Mmoja wa wale wawili hakugundua, akaendelea kutega hadi mwezi ukapita, na hata hivyo hakuacha kucheza, kwa sababu alikwisha kuonja usiku mzuri na alijua upo.

Kipo kingine kilichobadilishwa, kidogo kuliko hicho ila kina uzito kwa yeyote anayejiandaa kuingia mashindanoni. Maelezo waliyotuma mara ya kwanza yalianza kwa kusema kwamba gemu inautangaza utamaduni wa uvuvi wa Kanda ya Ziwa. Sentensi hiyo ingefaa kwenye maombi ya ufadhili. Kwa jaji inaahidi maonyesho ya makumbusho. Maelezo mapya yanaanza na anachofanya mchezaji: unategea samaki kwa mwanga, na mwezi ni mshindani wako. Ziwa Victoria linatajwa kwenye sentensi ya pili, na mazungumzo ya gemu yamebaki kwa Kiswahili, tafsiri ikipita chini ya skrini. Kionjo, ile video fupi ya kuitangaza gemu, nacho kimekatwa upya, kinaanzia kwenye taa ya kwanza inayowashwa gizani.

Kazi haijaisha. Tulipoangalia rekodi za wachezaji wapya tuliona kwamba ugonjwa uleule umo kwenye kuanika. Gemu inamwachia mchezaji achague kumwaga dagaa juu ya mchanga au kulipia vichanja, na mvua ikija wale wa chini wanaharibika, na hata mvua isipokuja mchanga unawashusha bei sokoni. Anayenunua dagaa hapa Mwanza anayajua hayo tangu utotoni. Kijana wa Dodoma alimwaga dagaa wote mchangani, akauza kwa hasara, na safari hii pia akauliza kama kompyuta ina shida. Majaji wa mara ya kwanza hawakufika huko, ndiyo maana hawakuandika lolote. Mchoraji ameanza kuchora mchanga unaobaki kwenye mikono ya mnunuzi anapowashika dagaa, na faili halitatumwa kabla hilo halijajaribiwa kwa mtu asiyejua dagaa.